Maji Tuliyobatiziwa: Mto Themi, Mji wa Arusha na Imani Yetu

Tunapowauliza wanafunzi wa kipaimara ni katika mto gani Bwana Yesu alibatizwa, mikono yote huinuka. Yordani! Tukiwauliza ni maji gani waliyobatiziwa wao wenyewe, darasa hunyamaza. Mwishowe mmoja atajibu, "Maji ya bomba, Mchungaji." Amesema kweli. Lakini bomba nalo lina mahali linapoanzia. Maji tunayomimina katika birika la ubatizo hapa Arusha ni maji ya chemchemi na visima vinavyolishwa na mvua ya Mlima Meru, maji yale yale yanayoijaza mito yetu.

Katika 2 Wafalme sura ya 5 tunasoma habari za Naamani, jemadari wa Shamu, aliyekasirika alipoambiwa akajichovye Yordani. Aliona kwamba Abana na Farpari, mito ya mji wake Dameski, ilikuwa bora kuliko maji yote ya Israeli. Sisi kosa letu ni kinyume cha lake. Yordani tunaiimba, na wenye uwezo husafiri hadi huko na kurudi na kichupa cha maji yake. Mto Themi tunauvuka kila siku tukielekea kazini bila kuugeukia, isipokuwa siku ambayo harufu yake inatulazimisha.

Katika insha hii tunataka kuusoma mto huu na mji wake kama sehemu ya historia ya wokovu wetu. Si kwa kuwa Themi ni mtakatifu kuliko mito mingine, bali kwa sababu Mungu alitukuta kando yake, na kando yake tumetenda mema na mabaya ambayo kanisa halina budi kuyakumbuka.

Mlima na mito yake

Mlima Meru una urefu wa zaidi ya mita 4,500. Mawingu hugonga misitu yake upande wa kusini na mashariki, na maji huteremka kwa njia nyingi: Themi, Naura, Ngarenaro, Burka, Kijenge, na upande wetu wa Makumira, mto Usa na Maji ya Chai. Themi hukatiza katikati ya mji, ukipita karibu na Mnara wa Saa, kisha huelekea kusini na kuingia Kikuletwa. Kikuletwa nao hukutana na Ruvu itokayo upande wa Kilimanjaro, katika bwawa lililojengwa miaka ya 1960. Bwawa hilo linaitwa Nyumba ya Mungu. Kutoka hapo maji huitwa Pangani, nayo husafiri hadi Bahari ya Hindi.

Jina la bwawa lisitupite hivihivi. Kila tunachokitupa Themi, kisipokwama njiani, safari yake inaelekea Nyumba ya Mungu.

Majina ya mito yetu mengi ni ya Kimaasai, lugha ya Waarusha. Engare ni maji. Ngarenaro ni maji meusi, na Engare Nanyuki, upande wa kaskazini wa mlima, ni maji mekundu. Kwa wazee wale weusi haukuwa rangi ya mkosi. Ulikuwa rangi ya wingu lenye mvua, rangi ya baraka. Na neno Enkai, ambalo wazee walilitumia kumtaja Mungu, ndilo walilolitumia pia kwa mvua. Wamisionari walipokuja kulihubiri jina la Mungu hawakukuta watu wasiojua kwamba maji yanatoka kwa Aliye juu.

Tusiipambe historia. Maji ya mlima huu wa volkano yana madini ya floraidi, na katika vijiji vingi vya mashariki yamepita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Ndiyo maana watoto wengi wa huku wana meno ya kahawia, na wengine mifupa iliyopinda. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimefanya kazi ya kuyasafisha maji hayo kwa mkaa wa mifupa. Uumbaji tuliopewa ni mwema, lakini nao unaugua, kama Mtume Paulo anavyowafundisha Warumi katika sura ya 8.

Sheria ya mfereji

Wameru walitangulia kukaa upande wa mashariki wa mlima. Waarusha walipanda kutoka Arusha Chini, kusini ya Moshi, mnamo miaka ya 1830, wakakaa upande wa magharibi. Jamii zote mbili zilijifunza kuishi kwa kilimo cha migomba na mahindi, na kilimo hicho kilitegemea mifereji. Wanaume walichimba kwa pamoja, wakayageuza maji ya mto na kuyapitisha kwenye miteremko kwa jicho tu, bila chombo cha kupimia, hadi yakafika shambani kwa mtu wa mwisho.

Mfereji ulikuwa na wazee wake na zamu zake. Aliyekosa kushiriki siku ya kusafisha alitozwa, na aliyeiba zamu ya mwenzake alihukumiwa na wazee. Miti mikubwa kwenye chemchemi haikukatwa ovyo. Waarusha na Wameru walipigana wao kwa wao mara nyingi, hilo hatulifichi, lakini kwenye mfereji mmoja hakuna aliyeweza kusema kwamba maji ni yake peke yake. Wa juu alijua kuna wa chini. Tuliopo mjini leo tumeipoteza sheria hiyo, nayo ilikuwa karibu sana na amri ya kumpenda jirani.

Akeri, 1896

Miji mingi ya Kikristo ina mto unaokumbukwa. Watu wa Kyiv, mji mkuu wa Ukraine, hukumbuka mto Dnipro, ambako mwaka 988 mtawala wao Volodymyr aliamuru wenyeji wabatizwe. Imani ile ilidumu na kuzaa matunda, lakini tangu siku ya kwanza ilikuja pamoja na amri ya mwenye nguvu. Sisi wa Meru hatukuamriwa na mfalme kuingia mtoni. Hata hivyo, historia yetu nayo inatulazimisha kuuliza Injili ilifuatana na nani.

Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, wote vijana kutoka nchi za Baltiki, walifika Akeri kutafuta mahali pa kujenga kituo. Wakati huohuo Kapteni Johannes wa jeshi la Wajerumani alikuwa mlimani na askari wake. Morani wa Kiarusha na Kimeru waliona wageni weupe wawili wenye Biblia, na wageni weupe wengine wenye bunduki, nao hawakuona sababu ya kuwatenganisha. Usiku walishambulia. Ovir na Segebrock waliuawa, pamoja na baadhi ya Wachaga waliofuatana nao. Kila tunapowakumbuka wale wawili tuwakumbuke na hawa, ambao majina yao hayatajwi mara nyingi.

Kisasi kilikuwa kikali. Johannes alirudi na askari pamoja na maelfu ya wapiganaji wa Kichaga. Nyumba zilichomwa, migomba ikakatwa, ng'ombe wakachukuliwa, watu wengi wakauawa. Mwezi Machi 1900, huko Moshi Kale, Wajerumani waliwanyonga viongozi wa Kichaga, wa Kimeru na wa Kiarusha, miongoni mwao Mangi Meli. Mwaka huohuo Boma la Arusha, ambalo leo ni makumbusho, lilikamilika karibu na mto Themi. Lilijengwa kwa nguvu za watu waliolazimishwa, wale wale walioshindwa vitani. Huo ndio mwanzo wa mji wetu.

Baadaye Injili ilirudi. Mwaka 1902 kituo kikafunguliwa Nkoaranga, na mwaka 1904 Ilboru. Babu za baadhi ya washarika wetu walibatizwa na wenzao Ovir na Segebrock, na baadhi ya hao babu walikuwa wana wa waliowaua. Katika miaka ya 1930 Lazarus Laiser, mwana wa Waarusha, alibarikiwa kuwa mchungaji. Tangu mikuki ya Akeri hadi mikono iliyowekwa juu ya kichwa chake haikufika hata miaka hamsini. Tukisema ubatizo huunganisha, hatusemi neno la kitabuni. Katika mlima huu maji yalimwagwa juu ya watoto wa pande zote mbili za damu ile.

Mto uliofanywa ukuta

Reli ilifika Arusha mwaka 1929, na mji ukakua. Wakoloni waliupanga kwa rangi za watu, na bonde la mto Naura likawa msaada kwao. Mashariki ya Naura zilikaa ofisi za serikali, hoteli na nyumba za Wazungu. Magharibi yalikaa masoko na mitaa ya Waafrika, kama Kaloleni na Ngarenaro. Maji yaliyokuwa yanagawanywa kwa zamu yakageuzwa mpaka. Hata leo mtu akisema anaishi "ng'ambo", mwenyeji anaelewa kwamba anazungumzia zaidi ya daraja.

Miaka ya Vita vya Pili vya Dunia mlima ulipokea wageni wengine. Kuanzia mwaka 1942 wakimbizi wa Kipolandi wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto, walikaa katika kambi ya Tengeru karibu na Ziwa Duluti. Wengi walikuwa wametolewa kwa nguvu katika vijiji vya mashariki ya Poland ya wakati ule, nchi ambayo sehemu yake leo ni Ukraine, wakapelekwa Siberia, kisha wakapita Uajemi hadi huku. Walilima, walijenga shule na kanisa, wakazika wafu wao. Makaburi yao yapo Tengeru hadi leo, yakitunzwa, mwendo mfupi tu kutoka chuo chetu cha Makumira.

Tunafurahi kwamba maji ya Meru yaliwanywesha wageni waliong'olewa kwao. Lakini serikali ileile ya kikoloni iliyowapa hifadhi, haikupita miaka kumi ikawang'oa wenyeji. Novemba 1951 Wameru wapatao 3,000 waliondolewa kwa nguvu Engare Nanyuki ili ardhi na maji yao wapewe wafugaji wa Kizungu. Nyumba zilibomolewa na kuchomwa. Wameru hawakurudi kwenye mikuki. Walichanga fedha, na mwaka 1952 wakamtuma Kirilo Japhet, akifuatana na wakili Earle Seaton, kwenda New York kulieleza Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Ardhi haikurudishwa wakati ule. Lakini mkulima kutoka kando ya maji mekundu alikuwa amesimama mbele ya mataifa na kudai haki, miaka miwili kabla TANU haijaundwa. Mahubiri mengi kuhusu shamba la Nabothi yamehubiriwa Meru. Wazee waliofukuzwa hawakuhitaji kuelezwa maana yake.

Mji wa mapatano

Baada ya uhuru mji huu ulipata jina jipya duniani. Azimio la Arusha lilitangazwa mwaka 1967, na mwaka huohuo Jumuiya ya Afrika Mashariki ikaweka makao yake hapa. Ilivunjika mwaka 1977, kisha mkataba wa kuifufua ukatiwa sahihi hapa hapa Novemba 1999. Mkataba wa amani wa Rwanda ulitiwa sahihi Arusha tarehe 4 Agosti 1993, na ule wa Burundi tarehe 28 Agosti 2000.

Tunajivunia hayo, na ni halali. Ila tukumbuke pia kwamba miezi minane baada ya kalamu za mwaka 1993, mauaji ya kimbari yalianza Rwanda, na mto Kagera ukaleta maiti hadi Ziwa Viktoria, mbele ya macho ya wavuvi wa nchi yetu. Karatasi iliyotiwa sahihi kando ya Themi haikuweza kuzuia kilichobebwa na mto mwingine. Kisha mahakama ya kuwahukumu wahusika ikaletwa mji huuhuu, ikakaa hadi mwaka 2015.

Nasi Walutheri tusijifanye mahakimu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati wanadiplomasia wakipatanishwa mjini, sisi wenyewe tuligawanyika katika mlima huu kwa ugomvi wa dayosisi, na ugomvi ule ulifika hadi kwenye fimbo na moto. Waliokuwa wameketi benchi moja waliacha kusalimiana njiani. Leo tuna Dayosisi ya Kaskazini Kati na Dayosisi ya Meru, nasi tunashirikiana. Amani hiyo tumeipewa kwa neema. Tusiiseme kana kwamba tuliistahili.

"Mizigo yenu imefika"

Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 416,442 katika Jiji la Arusha. Ya mwaka 2022 ilihesabu 617,631. Katika miaka kumi tumeongeza watu laki mbili kwenye mito ileile. Tumejenga hadi kingoni, ingawa Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita sitini kutoka mtoni. Mto unaogeuzwa jalala huonekana umekufa, hadi mvua inaponyesha mlimani. Aprili 2024 maji ya mafuriko yalilisomba basi la shule katika korongo kusini mwa jiji letu, na watoto wakafa wakiwa njiani kwenda darasani. Tulizika. Tulilia. Kisha tukarudi kwenye mambo yetu.

Tunasema "tu" kwa makusudi. Tulipokuwa tukitumika katika usharika mmoja ulio kando ya mto, tulifanya tamasha la kwaya. Mungu alitukuzwa kweli, na chakula kilitosha. Jioni vijana walisafisha uwanja haraka, na uwanja ukapendeza. Hatukuuliza takataka zimekwenda wapi. Tulijua. Zilitupwa bondeni, kama zilivyotupwa kila mwaka.

Jumapili ya pili yake mama mmoja mzee alikuja kutoka bondeni chini, mahali wanapolima mchicha kwa kumwagilia maji ya mto. Hakuwa msharika wetu. Alisubiri hadi ibada imekwisha na mnada wa mazao umekwisha, akashusha mfuko mlangoni mwa ofisi. Ndani yake kulikuwa na chupa za plastiki, sahani za kutupa, na kitambaa chenye jina la tamasha letu na mstari wa Zaburi. Vilikuwa vimeziba mfereji wake. Alisema kwa upole kabisa, "Shikamooni, Baba Wachungaji. Mizigo yenu imefika kwangu. Nimewarudishia."

Tulimwomba radhi. Alikubali, akaondoka. Sisi tulibaki tukikitazama kile kitambaa. Na mchicha wake, kumbuka, ndio uliokuwa unauzwa sokoni, ukanunuliwa na akina mama wa usharika wetu, ukaliwa mezani petu.

Mama yule alikuwa ametufundisha sheria ya mfereji ambayo babu zetu waliijua kabla hawajasikia jina la Yesu: wa juu ana wa chini. Waliobatizwa tulikuwa sisi, lakini aliyeishika alikuwa yeye.

Kutubu kwa mikono

Luther katika Katekisimo Ndogo anafundisha kwamba maji ya ubatizo si maji matupu, kwa kuwa yamefungwa pamoja na Neno la Mungu. Anafundisha tena kwamba ubatizo haukuisha siku ile: utu wa kale ndani yetu unapaswa kuzamishwa kila siku kwa toba. Wengine wamelielewa fundisho hilo kana kwamba Neno likishafika, maji hayana maana. Sivyo. Mungu alichagua maji. Angeweza kuchagua kitu ambacho hatuwezi kukichafua, lakini alichagua hiki, ambacho jirani anakinywa baada yetu.

Toba ya mji huu basi iwe na mikono. Kila usharika ulio kando ya mto uulize: takataka zetu, vyoo vyetu na uzio wetu viko wapi? Kamati ya ujenzi ipime mita sitini kabla ya kupima msingi. Umoja wa vijana uwe na zamu ya kusafisha sehemu yake ya mto, kama wazee walivyokuwa na zamu ya mfereji, na asiyekuja aulizwe. Miti ya asili ipandwe kingoni, na mwenye kuipanda ahesabiwe amemtolea Mungu. Hayo hayahitaji mfadhili kutoka nje.

Ezekieli sura ya 47 inasimulia maji yanayotoka chini ya kizingiti cha hekalu, yakizidi kina kila yanapokwenda, na kila yanapofika panakuwa na uzima. Ndiyo picha tunayopaswa kuilinganisha na mlango wa ofisi yetu siku ile. Kutoka hekaluni kwetu maji yalitoka yakibeba kitambaa chenye Zaburi na mzigo wa takataka. Kwa neema ya Mungu yanaweza kutoka vingine.

Siku hizi, kabla ya somo la ubatizo, tunawachukua wanafunzi wa kipaimara tunatembea nao kutoka chemchemi, tunafuata maji kupitia mashambani hadi mjini, na tunamalizia kwenye bustani za chini. Huko huwasalimu wakulima na kusaidia kuzibua mifereji. Wanarudi wamelowa matope. Tukiingia darasani tunauliza swali lile la mwanzo: ulibatiziwa maji gani? Sasa hawanyamazi. Na wapo wanaouliza swali la pili ambalo hatukuwafundisha: "Mchungaji, na wale wa chini wanabatiziwa maji gani?"